Mbwa Mwenye Mzuka: Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Akusikilize

Mbwa wengi wa Kigoma mjini wanaishi kwa zamu. Mchana kutwa wako bandani, saa 12 jioni mlango unafunguliwa, usiku wanalinda uwanja. Na dakika ileile mlango unapofunguliwa ndipo mwenye mbwa anapoamua kufundisha: "Kaa! Kaa! We Jeki, kaa!" Jeki keshazunguka nyumba, kaangusha ndoo, kamrukia mtoto, karudi kukulamba mkono na kutoka mbio tena kabla hujaishika kola. Mwisho anaambiwa hana akili, na jirani anatoa ushauri wa fimbo.

Akili anayo, tena nyingi. Mbwa aliyepandwa na mzuka, yaani msisimko uliopita kiasi, hakudharau. Yuko karibu mno na kitu kinachompandisha, na hapo alipo sauti yako haimfikii. Ukimtoa hapo, akaenda umbali ambao kichwa chake bado kinafanya kazi, anakuwa mwanafunzi mzuri kuliko mbwa mpole anayefundishwa kwa kubembelezwa. Mwongozo huu wote umesimama juu ya hilo. Amri zenyewe, kaa, njoo, acha, ni sehemu ndogo na rahisi.

Unafaa kwa mbwa wa kienyeji, kwa mchanganyiko wa Jamani Shepadi, kwa yeyote mwenye miguu minne na kiherehere. Akiwa na umri wa miezi 6 hadi 18 ujue uko kwenye kipindi kigumu kuliko vyote: ni kijana, mwili wa mtu mzima na akili bado inakomaa. Usimkatie tamaa katika umri huo.

Kabla ya kuanza: hakikisha si ugonjwa

Mbwa anayejikuna hawezi kukutazama. Pekua masikio, kwapa na katikati ya vidole utafute kupe na viroboto, hasa msimu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei. Minyoo nayo: watoto wa mbwa hupewa dawa kila wiki 2 hadi wafikishe wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na mbwa mzima kila baada ya miezi 3. Kipimo kinafuata uzito, kwa hiyo mwone afisa mifugo wa kata yako au daktari wa mifugo. Dawa ya ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho inaweza kumuua mbwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni akifikisha miezi 3, halafu kila mwaka. Hili linahusu mafunzo moja kwa moja. Mbwa aliyebadilika ghafla, aliyekuwa mtulivu akawa mkali, anayeng'ata vitu ovyo, anayetokwa na udenda, sauti imemgeuka na kumeza kunamshinda, huyo hahitaji mwalimu. Mfungie bila kumgusa, mwite mtaalamu wa mifugo, na kama kamng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri kesho.

Halafu kuna joto. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema. Mafunzo yafanyike kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni. Kama huna uhakika na lami au saruji, weka mgongo wa mkono wako juu yake kwa sekunde 7. Ukishindwa kuuacha, na nyayo zake zitashindwa.

Usingizi na pua

Sehemu hii watu wanairuka, na ndiyo inayobeba nusu ya kazi.

Mbwa mzima anahitaji kupumzika saa 12 au zaidi kwa siku, na mtoto wa mbwa hulala hata saa 18. Sasa fikiria mlinzi wako: usiku kakesha anabwekea kila anayepita, mchana kafungiwa banda la bati linalopigwa na jua tangu saa 4, watoto wanapiga mawe ukutani ili abweke tena. Jioni anatoka akiwa amechoka na amejaa hamu kwa wakati mmoja, kama mtoto aliyekosa usingizi wa mchana. Huyo humfundishi chochote. Hamishia banda chini ya mwembe, au weka makuti juu ya bati, acha hewa ipite pande mbili, weka maji yasiyopata jua, na wakataze watoto mchezo wa mawe. Wiki moja ya usingizi mzuri inaonyesha tofauti hata kabla hujafungua mdomo kufundisha.

Wengine wanadhani dawa ni kumchosha. Wanamfunga kamba, wanapanda baiskeli na kumkimbiza hadi kata ya Bangwe na kurudi. Siku tatu za mwanzo analala fofofo. Baada ya mwezi una mwanariadha, na sasa safari ya Bangwe haimtoshi. Kukimbia kidogo ni kuzuri, ila mzuka haumalizwi kwa miguu.

Unamalizwa kwa pua. Chukua sehemu ya chakula chake cha siku, ugali uliokauka na kukatwakatwa, uutawanye kwenye majani chini ya michikichi au nyuma ya jiko, kisha mwachie autafute. Dakika 10 za kunusa zinaweza kumshusha kuliko mbio ndefu. Utaona mwenyewe: kichwa kinashuka, mkia unalegea, pumzi zinabadilika. Fanya hivi kila jioni mara tu mlango wa banda unapofunguliwa, kabla ya salamu na kabla ya amri. Ile dakika ya kuangusha ndoo inakuwa dakika ya kutafuta ugali.

Vifaa, na habari ya dagaa

Kola pana ya ngozi au nailoni, isiyokaba. Vidole viwili vipite kati yake na shingo. Kamba fupi ya mita 2. Kamba ndefu ya mita 10, hata ya manila ya kawaida, ilimradi uchome ncha zisifumuke. Mnyororo uache getini: ni mzito, unalia, na kila ukigonga unamshtua. Gunia kuukuu au mkeka uliochoka, tutauhitaji hatua ya 4. Na mfuko mdogo wa kitambaa wa kufunga kiunoni. Fundi cherehani yeyote anakushonea kwa kitambaa cha kubakia.

Zawadi ndiyo mshahara wa mbwa, na hapa sisi wa Kigoma tuna bahati ambayo wafugaji wa kwingine wananunua kwa pakiti. Dagaa mkavu ni mwepesi, hauchafui mfuko, unanuka vizuri (kwa pua ya mbwa), na mmoja unakatika mara mbili au tatu. Kipande kikubwa kama ukucha wa kidole kidogo kinatosha. Chagua walioanikwa bila chumvi. Wale wa mchangani wapepete, waoshe haraka na uwaanike upya, maana mchanga unasaga meno na kuvuruga tumbo. Kwa siku nzima zawadi zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Ukimpa zaidi, punguza ugali.

Nunua kwa kuangalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na siku za mbalamwezi wavuvi wengi hawaingii ziwani, kwa hiyo bei inapanda. Vilevile kumbuka ziwa linaweza kufungwa kwa uvuvi, kama mwaka 2024 kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mbwa aliyezoeshwa dagaa tu atakutazama kwa mshangao siku hiyo, hivyo jenga ngazi ya zawadi tatu tangu mwanzo. Chini kabisa ugali mkavu, kwa kazi nyepesi za nyumbani. Katikati dagaa. Juu kabisa ini la ng'ombe lililochemshwa bila chumvi na bila kitunguu, likakatwa vipande vidogo, kwa ajili ya siku ngumu peke yake. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, chokoleti pia, na mifupa ya kuku iliyopikwa inachanika vipande vikali vinavyotoboa utumbo.

Hatua ya 1: Mpe sauti inayomaanisha "hapohapo, umepatia"

Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa akisikia sauti fulani kila mara kabla ya chakula, mwisho sauti yenyewe inamtoa mate. Tunatumia jambo hilohilo. Chagua sauti fupi ambayo nyumbani haitumiki ovyo. "Ndiyo" haifai, inasemwa kutwa nzima. Kudonoa ulimi kwenye kaakaa kunafaa sana, au neno kama "Tik!"

Simameni mahali patulivu, ndani au nyuma ya nyumba. Toa sauti, mpe kipande. Pumzika kidogo. Sauti, kipande. Mara 10 hadi 15, kisha acha. Rudia asubuhi na jioni. Sauti itangulie mkono kila mara. Mkono ukitangulia, atajifunza kuangalia mfuko. Siku atakapokuwa ananusa ukuta, ukatoa sauti akageuka ghafla kukutafuta, somo limeingia.

Kuanzia hapo sauti hiyo ni ahadi. Ikitoka, kipande kinafuata, hata kama umeitoa kwa bahati mbaya.

Hatua ya 2: Macho yake yawe mazoea

Shika dagaa kwenye ngumi, nyoosha mkono pembeni usawa wa bega lako, na unyamaze kabisa. Usiite, usiseme kaa, usitikise mkono.

Mbwa mwenye mzuka ataushambulia huo mkono. Atanusa vidole, atalamba, atakwangua kwa kucha, atabweka mara moja kukulaumu. Wengine wanakaa chini, wanasimama, wanakaa tena, wanajaribu kila walichowahi kufundishwa. Acha. Baada ya muda, mara nyingi chini ya dakika moja, atasita. Masikio yatarudi nyuma kidogo, na macho yatahama kutoka kwenye ngumi kuja usoni kwako, labda kwa nusu sekunde tu, kama anayeuliza "sasa wewe unataka nini?" Hiyo nusu sekunde ndiyo uliyokuwa unaisubiri. Tik! Kipande kinashuka.

Rudia mara tano au sita, kisha malizeni somo. Somo zima ni dakika 3 hadi 5. Ukizidisha atachoka, na mbwa wa aina hii akichoka haonyeshi kwa kulala, anaonyesha kwa kung'ata kamba. Masomo mafupi matatu kwa siku yana faida kuliko refu moja la Jumapili.

Atakapokuwa anakutazama mara tu ngumi inaponyooka, ongeza muda: sekunde moja, mbili, tatu, tano. Huku unalegeza uso wako. Kumkodolea mbwa macho bila kupepesa ni vitisho kwa lugha yake, kwa hiyo pepesa, tabasamu, geuza shingo kidogo.

Sasa ndipo jina linaingia. Liite mara moja, kwa sauti ya kawaida. Akikuangalia: tik, kipande. Asipokuangalia, usirudie. Sogea hatua mbili nyuma au piga busu la hewani, akigeuka umlipe, na kwa wakati ujao chagua mahali patulivu zaidi. "Jeki Jeki Jeki Jeki" inamfundisha kwamba Jeki la kwanza, la pili na la tatu halimhusu. Na jina lisitumike kwa kugomba. Kaya nyingi za hapa zinachanganya Kiha na Kiswahili, bibi ana neno lake, watoto lao, mlinzi lake. Kaeni pamoja mkubaliane neno moja kwa kila jambo. Mkitofautiana, mbwa atamfuata yule anayempa chakula na kuwapuuza waliobaki.

Hatua ya 3: Umbali

Nyuma ya nyumba anakutazama vizuri kabisa. Getini, bodaboda ikipita, hujulikani. Hapa ndipo watu wengi wanapoanza kuvuta kamba na kupiga kelele, na ndipo kila kitu kinapoharibika.

Kila mbwa ana mstari. Nje ya mstari anaona kuku, mbuzi, bodaboda au mbwa mwingine na bado anakusikia. Akiuvuka, masikio yanaziba. Kazi yako ni kuujua mstari wa mbwa wako kwa kila kishawishi, maana hailingani: kwa bodaboda unaweza kuwa mita 15, kwa mbuzi mita 40.

Dalili zinakuja kwa mpangilio, nazo ni za kusoma mapema. Kwanza mdomo uliokuwa wazi unafungwa ghafla. Kisha masikio yanaelekea mbele na uzito wa mwili unahamia miguu ya mbele. Mkia unapanda na kukakamaa. Manyoya ya mgongo yanasimama. Kamba inakaza. Kipimo rahisi kuliko vyote ni dagaa: akikataa dagaa ambaye dakika tano zilizopita alikuwa anampokonya, umevuka mstari. Akimchukua lakini kwa kukung'ata vidole, uko juu ya mstari wenyewe. Rudi nyuma hatua kadhaa bila kusema neno.

Mfano wa bodaboda. Simameni ndani kabisa ya uwanja, geti wazi, mbali na barabara, kamba mkononi ikiwa imelegea. Sauti ya pikipiki ikianza kusikika, na kabla hajapandwa, anza kumpa vipande kimoja kimoja, mfululizo, mpaka ipite. Ikitokomea, vipande vinakoma. Siku za mwanzo humwombi chochote. Unamfundisha tu kwamba mngurumo ule unaleta dagaa. Baada ya siku kadhaa utaona kituko: pikipiki inanguruma kule kona, na mbwa badala ya kurukia geti anageuza shingo kukuangalia, "haya, leta." Hapo unabadilisha utaratibu. Subiri aisikie, subiri ageuke mwenyewe, tik, kipande.

Akifanikiwa mara 8 katika 10, sogea mita mbili karibu na barabara. Akishindwa mara tatu mfululizo, rudi mita tano. Na badili jambo moja kwa wakati mmoja. Ukisogea karibu, fupisha muda. Ukileta kishawishi kipya, ongeza umbali. Ukitaka akutazame kwa muda mrefu, rudi mahali patulivu. Wanaofeli wengi huongeza vyote vitatu siku moja, kwa sababu jana alifanya vizuri.

Hatua ya 4: Gunia la utulivu

Tandika gunia chini. Mbwa akilikanyaga hata kwa mguu mmoja, tik, na kipande ukiweke juu ya gunia lenyewe, usimpe mkononi. Baada ya siku mbili tatu atakuwa analikimbilia. Sasa usilipe kukanyaga, lipa kukaa; kisha usilipe kukaa, lipa kulala. Mwisho unalipa kiuno kilichoegemea upande mmoja, kidevu kilichoshuka sakafuni, pumzi ndefu. Vipande viwekwe polepole, katikati ya miguu ya mbele, bila maneno mengi. Sauti ya shangwe inampandisha mzuka upya, na hapa tunataka ushuke.

Anzia sekunde 5, nenda hadi dakika 10 huku unakula chakula chako jirani. Gunia linabebeka: ukienda naye kwa fundi, au ukikaa barazani jioni na wageni, unalitandika na mbwa anajua kazi yake. Kwa mbwa wa mzuka hili ni somo lenye thamani kuliko "kaa", na mtu akiniambia ana nafasi ya kufundisha jambo moja tu, namwambia gunia.

Hatua ya 5: Kurukia watu

Kwa mji wetu hili ni suala la ujirani. Ujiji na mitaa mingi ya Kigoma ina Waislamu wengi, na kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii nguo iliyoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee anayepita kwenda swala ya magharibi na kanzu nyeupe, akarukiwa na mbwa wako "anayetaka kucheza tu", umemharibia swala. Usimtetee mbwa. Mbwa wa mzuka asitoke getini bila kamba, na nyakati za kwenda msikitini abaki uwanjani.

Mafunzo yenyewe ni mepesi. Mbwa huruka kwa sababu kuruka kunalipa: anaguswa, anasemeshwa, anasukumwa, na kusukumwa kwake ni mchezo. Akiruka, geuka umpe mgongo, mikono kifuani, kimya. Miguu minne ikitua chini, tik, na kipande kishuke hadi chini kabisa usawa wa miguu yake, ili hata kichwa kisipande. Mgeni anayekubali kusaidia asimame nje ya urefu wa kamba, asogee mbwa akitulia, arudi nyuma mbwa akiruka. Asiyependa mbwa asishirikishwe. Mbwa apelekwe kwenye gunia, nyuma ya nyumba, mgeni akaribishwe kwa amani.

Watoto wafundishwe jambo moja: akija mbio, simama kama mti wa mchikichi, mikono chini, usipige kelele. Mtoto anayekimbia huku anapiga mayowe ni mchezo mtamu kuliko yote duniani.

Hatua ya 6: Kumpandisha na kumshusha kwa makusudi

Chukua kitambaa kigumu, vutaneni kwa sekunde 10, acheni mzuka upande. Kisha simamisha mkono ukiubana mwilini, kitambaa kife. Atakapokiachia, hata kwa kuchoka, sema "acha", tik, na zawadi yake ni mchezo kuanza tena. Ukishaeleweka, weka "kaa" katikati: acha, kaa, sekunde moja, haya twende tena. Anajifunza kwamba kutulia hakumalizi raha, kunairudisha. Mbwa akizidiwa, akaanza kukamata mikono au nguo, mchezo umekwisha kwa leo.

Hatua ya 7: Kutoka mtaani

Panga njia yako kwa ugumu. Anza kwenye kichochoro nyuma ya nyumba saa 12 na nusu asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa. Kisha mtaa wako saa 2. Halafu barabara ya Bangwe, yenye nafasi ya kukwepa pembeni. Baadaye jirani na stesheni ya reli siku isiyo na treni, na ndipo siku yenye treni. Sokoni Mwanga usimpeleke; msongamano ule hata binadamu unamchanganya.

Kamba ndefu ya mita 10 ni ya uwanja mtupu, kwa kufundisha "njoo". Iburuze chini, mwachie anuse, mwite mara moja, akija mlipe vizuri kisha umwachie aendelee kunusa. Mbwa akiitwa kila mara ili afungwe, hatakuja.

Mtihani wa mwisho kwa mbwa wa Kigoma ni Kibirizi, kwenye mwalo wa dagaa. Hapo dagaa uliyembeba mfukoni hana thamani yoyote, kwa sababu upepo wote unanuka dagaa. Hiyo ndiyo siku ya ini. Baki juu barabarani, mbali na vichanja na maeneo ya kuanikia. Mali ya watu iko wazi, na mwanamke aliyeamka alfajiri kuianika ana haki ya kukufukuza hata kabla mbwa hajagusa. Kutoka juu kule, akiweza kukutazama mara tatu kwa dakika moja, amefuzu. Rudini nyumbani.

Kutakuwa na siku atavurugika njiani. Usipige kelele, usimvute shingo. Geuka na uondoke naye kwa mwendo wa haraka mpaka mfike umbali anaoweza, tupa vipande vichache kwenye majani avitafute, kisha nyumbani. Kumpiga kunaongeza mzuka, na kibaya zaidi anauunganisha uchungu na kile alichokuwa anakitazama: bodaboda ikija, fimbo inakuja, kwa hiyo ni bora aishambulie bodaboda kwanza. Mbwa wengi wanaong'ata wapita njia walitengenezwa hivyo. Ukatili kwa wanyama pia ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Muda, na lini upunguze dagaa

Macho hupatikana mapema, ndani ya wiki moja au mbili. Gunia linahitaji mwezi hivi. Mtaa ni miezi, na kijana wa miezi 9 anaweza kusahau kila kitu wiki moja kisha akakumbuka inayofuata.

Jambo likiwa gumu au jipya, lipa kila mara. Likiwa rahisi kwake, lipa mara moja kati ya mbili, kisha moja kati ya nne, bila mpangilio anaoweza kuubashiri. Mahali pa zawadi weka vitu vingine anavyovitaka: kufunguliwa geti, kuachiwa anuse nguzo, mchezo wa kitambaa. Mfuko wa kiunoni uendelee kuwepo kwa Kibirizi na kwa treni.

Kuna hofu moja ninayoisikia kwa karibu kila mfugaji: "Akitulia hivi, usiku atalinda?" Atalinda. Kuwashtukia wageni gizani hakufutwi na gunia wala dagaa. Tofauti ni kwamba utaweza kumnyamazisha. Akibweka, toka nje uangalie anachokionyesha, sema "asante", mwite, mlipe akifika. Kwa kuwa jina lake sasa linamgeuza, anaacha. Asiyeitika usiku wa manane wakati jirani amefiwa na matanga yako nje, huyo ndiye asiyelinda chochote ila kuwakosesha watu usingizi. Rudia zoezi la kubweka na kuitwa mchana kwanza, mtu wa nyumbani akigonga geti kutoka nje, kabla hujalihitaji usiku.